Gari Aliloliacha Kaka Yenu

Sogezeni viti, wanangu, mkae karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Mama, wewe binti yangu wa mwisho unayebeba jina la mama yangu, kaa upande huu wa mkono wa kulia, ndio ambao bado unahisi. Mdomo, acha kuegemea ukuta kama mteja anayesubiri risiti, keti. Na wewe mkwe wangu, usijifiche nyuma ya wenzako. Uliingia nyumba hii kwa ndoa, na mume wako kutangulia hakukufanyi mgeni.

Daktari aliwanong'oneza kule barazani akidhani mimi sisikii. Nimesikia yote. Namshukuru Mungu kwa kunipa nafasi ya kuongea na watu wangu kabla ya kuondoka, kwa sababu kaka yenu mkubwa hakuipata. Yeye aliondoka asubuhi akiuliza kama soksi zake zimekauka, na hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyonayo kwake.

Nianze na yaliyo mepesi. Vyumba viwili vya mbele ni vya mkwe wangu na mjukuu wangu, na mtu asimwondoe humo, hata akiolewa tena, mpaka atakapotaka mwenyewe. Chumba cha nyuma akae Mdomo. Mama atalala chumba hiki changu nikishatoka, na godoro hili mlitupe, limechoka kama mimi. Zana za kazi za marehemu, lile sanduku jekundu lililo chini ya kitanda, nitalisemea baadaye. Shamba sina, jambo ambalo watu huwa wanalicheka, kwamba mtu ametengeneza matrekta ya wenzake maisha yake yote na hana hata kipande cha kulima mchicha. Wacheke tu. Nilikusudia kununua kila mwaka, na kila mwaka kulikuwa na karo.

Sasa lile lililowaleta mkiwa mmenuna.

Jumatatu mdogo wenu anatakiwa kumjibu mkuu wa karakana. Amepewa gari la fundi wa mashambani, gari lile lile aliloliacha kaka yenu, maana tangu msiba hakuna mwanamume pale kazini aliyekubali kulishika. Mdomo alikuja kwangu peke yake akaniambia, "Baba, sema neno moja tu. Huyu mtoto sisi hatusikilizi, lakini wewe ukimkataza sasa hivi, atakuheshimu hata ukiwa kaburini." Baada yake akaja mkwe wangu, akakaa miguuni pangu akalia, kisha akaenda. Nimewaelewa wote wawili. Mnajua kwamba neno la mtu anayeondoka halina wa kulijibu. Nikilisema, binti huyu atalibeba hadi naye azeeke. Ndiyo maana sijalisema. Nataka kwanza niwaeleze ile kazi ilivyo, wote mkiwa pamoja, kwa sababu mmeiona kila mmoja kwa dirisha lake.

Mimi niliingia pale duka la zana za kilimo nikiwa kijana mwembamba, nikaajiriwa kuosha matrekta. Wakati ule duka lilikuwa banda la mabati lenye matrekta machache mbele, yamepakwa rangi kama harusi, na nyuma kulikuwa na karakana yenye sakafu nyeusi kwa mafuta. Mtu ukiingia kazi ile, unaona milango mingi. Subiri ninywe maji kwanza. Asante.

Kuna mlango wa kaunta ya vipuri, ambako Mama yuko sasa. Kaunta inalipa kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na mtu wa kaunta harudi nyumbani akiwa amekatwa kidole. Lakini ni mshahara unaokaa pale pale. Unasimama juu ya saruji mpaka magoti yanauma, mkulima anakuletea chuma kilichovunjika bila jina wala namba, unakitafutia mwenzake kwenye rafu, na miaka kumi baadaye unafanya hivyo hivyo kwa mshahara wa kodi na chakula. Mama mwenyewe aliniambia, "Baba, nitazeeka nikisoma namba za beringi."

Kuna mlango wa mauzo, alikopitia Mdomo. Usinune, nakusema kwa wema. Muuzaji anapewa kamshahara ka kuvalia shati safi, na riziki yake yenyewe ni kamisheni. Mwaka wa mavuno mazuri huyu ndugu yenu alitununulia friji, mkumbuke, akaingia nayo hapa akiwa ameiva kwa furaha. Mwaka uliofuata mvua iligoma, na matrekta mawili aliyokuwa ameyauza kwa mkopo yakarudishwa, na ile kamisheni ikakatwa kwenye mshahara kana kwamba aliiiba. Nilimsikia kwenye simu akimbembeleza mkulima mmoja, na mkulima akamwambia, "Kijana, hata ukinipa hiyo trekta bure, bado nitaulizia punguzo." Mdomo alicheka kwa sauti, halafu akakata simu akakaa hapo ngazini mpaka giza likaingia. Nilikuona, mwanangu. Nakuusia hivi: kamisheni usiihesabu mpaka trekta imalize msimu wake wa pili shambani, na usioe kwa matumaini ya mavuno ya mtu mwingine.

Na kuna karakana. Hapo kijana anaanza kama msaidizi, analipwa kidogo kuliko kaunta, na atabaki msaidizi mpaka awe na zana zake mwenyewe. Ndivyo ilivyo pale. Anayeazima spana stoo ni msaidizi hata akijua kufungua injini akiwa amefumba macho, na mwenye sanduku lake kamili huitwa fundi na kulipwa kama fundi. Nilinunua zana zile moja moja. Mama yenu, Mungu amrehemu, alivumilia mengi. Nilipostaafu nikampa kaka yenu sanduku, siku ile ile akapandishwa. Yeye hakuwahi kuwa msaidizi kwa muda mrefu, na aliliona hilo kama bahati. Baada ya ufundi unabaki ukuu wa karakana, na kile ni kiti kimoja. Umeneja hupewa mtu wa vyeti kutoka mbali. Kwa hiyo fundi anayetaka kupata zaidi ana njia moja tu, kuchukua gari na kwenda mashambani.

Gari ndiyo kazi inayolipa kuliko zote kwa mtu asiye na vyeti. Sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo wanangu wawili wamesimama, mmoja chini ya ardhi na mmoja juu yake.

Zamani mimi nilipokuwa na gari, nililipwa kwa mwezi. Mashine ikitengemaa leo, sawa. Ikingoja kipuri mpaka kesho, nililala nyumbani kwa mkulima na mshahara wangu ulikuwa palepale. Baadaye biashara ikayumba, na mpango ukabadilishwa. Mshahara wa fundi wa mashambani ukapunguzwa, ukaongezewa malipo ya kila mashine inayorudi kazini siku ile ile iliyoitiwa fundi. Siku ile ile, mnasikia. Ikilala, hulipwi. Msimu wa kupanda, fundi mwepesi akawa anapata mara mbili ya nilichopata mimi. Kiangazi kikija, anakula kile kimshahara kilichopunguzwa na kutazama ukuta. Kwa hiyo msimu wa kupanda mtu anakimbia kama anayefukuzwa, ili apate cha kumvusha kiangazi.

Mkwe wangu, vumilia, nitasema kidogo tu.

Haro, ile mashine ya sahani za chuma inayofungwa nyuma ya trekta kulainisha udongo, huinuliwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba. Ukitaka kuingia chini yake, unaiinua, kisha unapanga magogo mafupi ya mbao ngumu chini ya fremu, ndipo unatambaa. Bomba likipasuka, haro inashuka mara moja, haina onyo. Hakuna fundi asiyejua hili. Lakini sisi mafundi tuna kosa letu, kosa ambalo mkulima hawezi kulifanya kwa sababu yeye anaiogopa mashine. Sisi bomba tumelifunga wenyewe, nati tumezikaza wenyewe, kwa hiyo tunaliamini kama mtu anavyomwamini mtoto wake. Siku ile mawingu yalikuwa yameshuka, mkulima amesimama pembeni anatazama juu, na simu ya shamba lingine inaita ndani ya gari. Kaka yenu aliinua haro akaingia chini kubadili beringi.

Nilikwenda kuliona gari baada ya mazishi, lilipokuwa limeegeshwa nyuma ya karakana. Nilifungua mlango wa nyuma. Magogo yalikuwa mahali pake, yamepangwa vizuri, hayana hata udongo. Nilikaa pale juu ya bampa, na vijana wa karakana wakawa wanapita mbali kwa mbali wakijifanya wanatafuta vitu.

Watu wanasema alizembea. Mwanangu hakuwa mzembe. Alikuwa na mtoto mchanga, na kiangazi kilikuwa kinakuja.

Nipe maji tena. Kidogo. Inatosha.

Sasa nifike kwa huyu mkuu wa karakana. Mnamjua, na mnajua kwamba tangu msiba sijampa mkono. Tulianza kazi mwaka mmoja, yeye na mimi. Tulimwita Mkavu kwa sababu ovaroli yake haikuwahi kulowa mafuta. Kila jioni tulimuuliza, "Leo umegusa grisi, au umeitazama tu?" naye anajibu, "Nimeipa salamu, ikaitikia." Tulikula sahani moja. Alisimamia harusi yangu. Alikuwa na kichwa cha kazi za makaratasi, akapanda cheo, mimi nikabaki chini ya trekta, na sikumwonea wivu, Mungu ni shahidi. Lakini ule mpango wa kulipa kwa mashine ulipokuja, yeye ndiye aliyetuita, akasimama juu ya kreti la soda, akatusomea. Nilimwambia mbele ya wote, "Mkavu, hii itaua mtu." Akaniambia, "Mzee mwenzangu, wewe unastaafu mwakani, waachie vijana wapate hela." Vijana wakapiga makofi. Kaka yenu pia alipiga makofi.

Siku ya mazishi alikuja akaninyooshea mkono, nikautazama ule mkono mpaka akaurudisha. Nimeomba juu ya jambo hili. Nimemwomba Mungu anipe kusamehe, kila sala, na nimefika katikati ya njia, ng'ambo sijaiona. Nyinyi msinirithi katika hilo. Chuki yangu haigawanywi pamoja na vyumba.

Na sasa sikilizeni, kuna gari limezima hapo nje. Ni yeye. Tangu nimelala hapa amekuwa akija, anakaa barazani, nami najifanya nimelala, na nyinyi mnamwambia Baba amelala, na yeye anajua. Mdomo, nenda kamwambie leo Baba yuko macho. Mlete ndani. Nyinyi wengine msitoke. Jambo ninalotaka kumwambia ni lenu.

Karibu, Mkavu. Usikae hapo, kiti hicho kina mguu mbovu, utaanguka na watu watasema nimekutega. Kaa huku kitandani. Umezeeka. Haya, na mimi je, nimekuwa kijana? Usilie, bwana. Maneno yangu ni machache na pumzi ni chache zaidi, ukilia utanipotezea.

Umempa binti yangu gari. Sikulaumu, umeona mikono yake jioni akiwasaidia mafundi karakana. Mimi mwenyewe najua ataiweza kazi ile kuliko wengi wanaomcheka. Nakuomba jambo moja tu, na sijawahi kukuomba kitu tangu ulipovaa tai. Mlipe kwa mwezi. Mshahara mmoja kamili, mashine itengemae leo, itengemae kesho. Akiona mawingu, asione chakula cha kiangazi kinamkimbia. Akitaka kupanga magogo, ayapange polepole, na asipoteze shilingi. Hilo tu. Ukikubali, ndugu zake hawa hawatampinga, nami nitaondoka nikiwa nimenyamaza.

Sema kwa sauti, wasikie na wao.

Unasema mpango si wako, umetoka makao makuu, wewe uliusoma tu. Unasema ukimlipa yeye kwa mwezi, wenzake wote wataudai na hao wakubwa hawatakubali, na wewe mwenyewe umebakiza muda mdogo ustaafu. Unasema huwezi.

Basi.

Mdomo, usimfokee mgeni. Kaa chini. Nimesema kaa.

Mkavu, ungeweza kuniambia ndiyo. Mtu wa kitandani hadai, ungesema ndiyo, nikafa nimeridhika, na Jumatatu ukaendelea na mambo yako. Hukunidanganya. Kwa hilo nakupa mkono, huu hapa, uchukue. Usiubane, unaniumiza. Ni mkono tu. Kile kingine bado sina, nitakwenda nacho kwa Mwenyezi Mungu anisaidie kukimalizia.

Mama, umesikia. Tangu asubuhi nina neno la kukukataza, liko hapa kwenye ulimi, na wote waliomo humu wanalisubiri. Silisemi. Kaka yako nilimruhusu, halafu wewe dada yake nikufungie, hapana. Jibu ni lako. Una mpaka Jumatatu, na mimi sidhani kama...

Nini? Rudia. Sikio hili linapiga filimbi.

Unamwambia yeye. Sawa, mwambie yeye. "Mzee, funguo mpe mtu mwingine." Umesema hivyo. Umesema taratibu, kama unavyomwambia mkulima kwamba kipuri chake hakipo.

Alhamdu... nashukuru. Nashukuru, Mungu wangu. Mkwe wangu, acha kulia, njoo umshike mkono wifi yako.

Lakini niwaambie uongo? Nilikuwa namwomba Mungu ukatae, Mama. Nilimwomba kila nilipoamka. Sasa umekataa, na hapa kifuani naona kama nimezika tena. Kwa maana hakuna wa damu yangu atakayetambaa tena chini ya trekta, akaigonga kwa ncha ya spana, akasikiliza, akajua inaumwa nini. Mikono yako ingeijua. Niliipenda kazi ile, wanangu. Ilinipa kidogo, ikachukua sana, na niliipenda. Msinishangae kwa haya machozi. Nimepewa nilichokiomba.

Nimechoka. Ngoja.

Sanduku la zana ni la mkwe wangu. Liuzwe, na asiliuze kwa mkupuo mmoja kwa dalali, auze kwa msaidizi yeyote wa karakana anayetaka kuwa fundi, hata akilipa kidogo kidogo. Mama, rudi kaunta, na usione haya. Ila usiishie kwenye rafu. Msimamizi wa stoo anaondoka mwakani, kiombe kile kiti kwa mdomo wako, mapema, usingoje waseme. Wanawake wa pale hungoja waitwe, hawaitwi. Mkavu amekusikia ukikataa, amsikie na baba yako akikuombea. Mkavu, umenisikia. Itikia kwa kichwa tu.

Mdomo, mkulima akija kununua, mweleze na kiangazi, usimweleze mvua peke yake. Utauza kidogo. Utalala.

Mnizike kando ya mwanangu. Upande wa... upande wa njia. Yeye abaki ndani, mimi nikae nje, kama tulivyokuwa tukilala alipokuwa mdogo. Msilaze watu njaa kwa ajili ya msiba wangu, na msikope.

Njooni. Inameni, mkono haupandi tena. Mungu awape riziki isiyodai miili yenu. Awape mabosi wenye... wenye kumwogopa Yeye. Awape kuzeeka. Mkwe wangu, akulindie mtoto. Mdomo, akupe utulivu. Mama...

Mama, wewe nimekubariki tayari, ulipokuwa unaongea.

Mkavu, usiondoke, kaa, kuna chai. Fungueni dirisha hilo. Ombeni sasa, wote, kwa sauti. Mimi nitafuata. Msikimbie... someni polepole, nitafuata.